Sendi Weji Isiyoelewana na Seti ya Aironi: Dalili, Vyanzo na Namna ya Kurekebisha

Mchezaji wa gofu akilalamika kwamba sendi weji yake, yaani fimbo fupi ya kuinulia mpira kutoka mchangani, haifai, fimbo ya kwanza kupimwa ni pichingi weji, ile inayopeleka mpira mbali kidogo zaidi, iliyo jirani yake mfukoni. Malalamiko mengi niliyoyasikia, na mengine niliyoyatoa mwenyewe, yalitokana na fimbo mbili nzuri zisizopaswa kukaa pamoja: ama ziliachana mno, ama zilikaribiana mno, ama moja ilitengenezwa kwa ajili ya mchanga laini ilhali mwenye nayo anacheza juu ya ardhi ngumu kama sakafu.

Sisi tunaofanyia mazoezi Tabora, kwenye uwanja tuliousafisha wenyewe nje kidogo ya mji, tunalijua jambo hili vizuri kwa sababu wachache kati yetu wana seti iliyonunuliwa nzima. Fimbo hutufikia moja moja, zikiwa zimekwisha kutumika, zimeviringishwa kwenye gunia na kupakiwa kwenye basi au treni kutoka Dar es Salaam, na anayezipokea huwa anajua jambo moja tu, kwamba zimechongwa herufi S au SW. Herufi hizo zinataja kazi ya fimbo bila kutaja kipimo chake. Fimbo mbili zenye herufi SW zinaweza kutofautiana kwa nyuzi tatu au nne za lofti, na zikatofautiana zaidi ya hapo katika umbo la unyayo, yaani sehemu ya chini ya kichwa cha fimbo.

Kabla ya kuingia kwenye dalili, ni vyema tuelewane juu ya maneno mawili. Lofti ni kiasi ambacho uso wa fimbo umelala nyuma. Kadiri lofti inavyokuwa kubwa, ndivyo mpira unavyopanda juu na kwenda karibu. Baunsi ni pembe iliyo chini ya fimbo, kati ya ardhi na unyayo, nayo ndiyo inayoamua kama fimbo itazama mchangani au itateleza juu yake. Sendi weji ya kawaida ina lofti ya nyuzi 54 hadi 58, na 56 ndiyo iliyozoeleka zaidi. Baunsi yake huanzia nyuzi 8 hivi na kufika 14. Unyayo huo mnene una historia yake: Gene Sarazen, Mmarekani, aliongeza madini chini ya fimbo yake ili isizame mchangani, akaenda nayo kwenye mashindano ya Open ya mwaka 1932 nchini Uingereza na kuyashinda.

Upimaji wa nyumbani

Warsha za gofu zina mashine ya kupimia lofti, lakini simu yenye programu ya kupima mwinuko inatosha kwa kazi yetu. Simamisha fimbo kwenye sakafu iliyo sawa kama unavyoisimamisha unapotaka kupiga, katikati ya unyayo paguse sakafu, na shafti, yaani mpini wa fimbo, isiegemee mbele wala nyuma. Weka rula fupi ya chuma juu ya uso wa fimbo, kisha simu juu ya rula, kwa kuwa mgongo wa simu nyingi una kamera iliyotokeza na utakudanganya ukiuweka moja kwa moja. Ikiwa simu inapima kutoka kwenye ulalo wa sakafu, toa namba hiyo kutoka kwenye 90 ili upate lofti. Simu ikisoma 34, fimbo ni ya nyuzi 56. Jirani yangu aliyenikuta uani nikifanya hivyo aliniuliza kama fimbo ina homa.

Upimaji wa namna hii unaweza kukosea kwa uzi mmoja au mbili, lakini kosa hilo halina madhara makubwa mradi fimbo zote zipimwe kwa mkono uleule na sakafu ileile, kwa maana tunachokitafuta ni tofauti kati ya fimbo na fimbo. Andika namba za aironi namba 9 (aironi ni fimbo za kichwa cha chuma zinazopewa namba), pichingi na sendi kwenye karatasi, kisha endelea.

Dalili ya kwanza: kuna umbali usio na fimbo

Pichingi inapeleka mpira mita 105, sendi inaupeleka mita 70, na kila unapobaki na mita 85 au 90 unalazimika ama kuibembeleza pichingi, ama kuipiga sendi kwa nguvu zako zote, na mipira mitatu kati ya mitano inaharibika. Hii ndiyo dalili inayowakabili wengi, na chanzo chake kimo kwenye aironi.

Aironi za zamani, za miaka ya 1970 na 1980, zilikuwa na pichingi yenye lofti ya nyuzi 48 hadi 50. Mtu aliyeongeza sendi ya nyuzi 56 alikuwa na nafasi ya nyuzi sita au nane tu kati ya fimbo hizo mbili. Aironi za siku hizi zinazotengenezwa kuwasaidia wachezaji wa kawaida zina unyayo mpana na uzito uliowekwa chini, hivyo hupandisha mpira kwa urahisi, na watengenezaji wametumia nafasi hiyo kupunguza lofti ili mpira uende mbali. Pichingi ya seti kama hiyo huwa na nyuzi 43 hadi 45. Ukichanganya pichingi ya nyuzi 44 na sendi ya nyuzi 56 umeacha pengo la nyuzi 12, wakati pengo linalofaa kati ya weji na weji ni nyuzi nne hadi sita, ambalo kwa mchezaji wa kawaida ni kama mita 10 hivi za umbali.

Kununua sendi nyingine hakutaliondoa pengo hilo. Kinachohitajika ni fimbo ya katikati, ambayo watengenezaji huichonga herufi A, G au U au kuandika tu lofti yake, yenye nyuzi 49 au 50. Mwenye pichingi ya nyuzi 44 atakuwa na mpangilio mzuri wa 44, 50 na 56. Ikiwa pesa inatosha kwa fimbo moja tu, mimi ningechagua sendi ya nyuzi 54 badala ya 56: pengo linapungua hadi nyuzi kumi, ambalo bado ni kubwa, lakini bunka (shimo la mchanga uwanjani) bado linatokeka, kwani uso wa fimbo unaweza kufunguliwa mahali panapohitaji mpira wa juu. Wapo watakaobisha kwamba bila 56 hakuna sendi. Nimeona wengi wakitoka mchangani kwa 54 bila shida, na sijaona hata mmoja akiliziba pengo la nyuzi 12 kwa nia njema.

Usisahau kikomo cha fimbo 14 kilichowekwa na kanuni. Dereva (fimbo ya kupigia mbali zaidi), fimbo mbili za mbao, haibridi moja, aironi kutoka namba 5 hadi pichingi, na pata (fimbo ya kusukumia mpira shimoni) ni fimbo 11. Zinabaki nafasi tatu. Mwenye seti ya kisasa anaweza kuzitumia zote tatu kwa weji, ilhali mwenye seti ya zamani yenye pichingi ya nyuzi 49 hana sababu ya kufanya hivyo.

Dalili ya pili: fimbo mbili, umbali mmoja

Hili ni tatizo la kinyume, nalo huwapata walionunua weji ya kisasa kwa ajili ya seti ya zamani. Pichingi ya nyuzi 50 ikiwekwa pamoja na weji ya nyuzi 52 iliyouzwa kwa jina la sendi, mchezaji amebeba fimbo moja mara mbili. Dawa yake ni fupi: kwa seti ya namna hiyo tafuta sendi ya nyuzi 55 au 56, na ile 52 mpe ndugu mwenye aironi za kisasa, ambaye pengine ndiye aliyekuwa akiitafuta tangu mwanzo.

Dalili ya tatu: fimbo inachimba, mpira unabaki

Umeingia bunka, umepiga, mchanga mwingi umeruka, na mpira umesogea hatua mbili. Kabla ya kuilaumu fimbo, jichunguze kwa jaribio hili, ambalo lifanyike kwenye mchanga wa mazoezi na si wakati wa mchezo, kwa kuwa Kanuni ya 12 inamkataza mchezaji kuupima mchanga wa bunka au kuugusa kwa fimbo katika mpigo wa mazoezi. Chora mstari mrefu mchangani, simama kama vile mpira uko vidole vinne mbele ya mstari, kisha piga bila mpira ukilenga fimbo iingie kwenye mstari. Rudia mara kumi ukisogea kando. Ikiwa alama zako zinaanzia nyuma sana ya mstari, au moja mbele na nyingine nyuma, tatizo liko mikononi na miguuni mwako. Ikiwa zinaanzia kwenye mstari kila mara lakini ni mashimo mafupi yenye kina, fimbo yako inazama, na hapo kuna vyanzo viwili.

Cha kwanza ni baunsi ndogo. Weji yenye nyuzi nne au tano za baunsi na unyayo mwembamba hukata mchanga laini kama jembe. Cha pili ni namna unavyoishika: mikono ikitangulia mbele ya mpira, shafti inaegemea, na kila uzi mmoja wa kuegemea unakula karibu uzi mmoja wa baunsi. Mtu mwenye fimbo ya nyuzi 10 za baunsi anayeegemeza shafti nyuzi nane anacheza na fimbo ya nyuzi mbili, ingawa namba iliyochongwa haijabadilika. Rudisha mikono katikati, fungua uso wa fimbo kabla ya kuishika, kisha rudia jaribio la mstari. Mashimo yakigeuka kuwa mikwaruzo mirefu yenye kina kidogo, umeokoa bei ya fimbo mpya.

Dalili ya nne: fimbo inadunda, mpira unaruka kama risasi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndilo tatizo la Tabora. Mvua zikikatika mwezi wa Aprili au Mei, ardhi yetu huanza kukauka, na ikifika Agosti nyasi zimebaki vishina na chini yake pana udongo mgumu uliofunikwa na mchanga mwembamba wa juu juu. Mchanga huo unadanganya macho. Anayeuona hudhani anahitaji fimbo ya mchangani yenye unyayo mnene, lakini unyayo unapopenya mchanga huo kiasi cha unene wa kucha, unakutana na sakafu. Fimbo inadunda, ukingo wake wa mbele unapanda na kuupiga mpira kiunoni, nao unavuka griini, eneo lililosawazishwa lenye shimo na bendera, kwa kasi.

Rafiki yangu wa Kigoma hufanyia mazoezi kwenye mchanga wa ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, ambao sehemu za juu ni mkavu na laini kiasi cha kuzamisha kisigino. Sendi yake ni ya nyuzi 56 yenye baunsi 14, na kule huitumia kwa ustadi unaotia wivu. Mwaka mmoja alikuja nayo kwa treni wakati wa kiangazi, akacheza nasi asubuhi nzima bila kuinua hata mpira mmoja ulio sawa.

"Kaka, fimbo hii imerogwa njiani," aliniambia.

"Haijarogwa, ndugu yangu. Imebadilishiwa ardhi."

Nilimpa yangu, yenye lofti ileile na baunsi ya nyuzi 8, na kabla ya saa moja alikuwa akiweka mipira karibu na bendera. Yeye naye alinisihi niende kwake na ile yangu nione itakavyozama, na nilipokwenda, ilizama kweli, isipokuwa pale karibu na maji ambapo mchanga uliolowa umeshikana na kuwa mgumu. Hapo fimbo yangu ndiyo iliyofanya kazi na yake ndiyo iliyodunda. Katika ufukwe mmoja, kwa umbali wa hatua ishirini, fimbo sahihi ilikuwa imebadilika.

Kwa hiyo anayechagua sendi aangalie kwanza ardhi anayoikanyaga mara nyingi zaidi kwa mwaka. Kwa ardhi ngumu na bunka zenye mchanga mchache, baunsi ya nyuzi 6 hadi 8 inatosha. Kwa mchanga laini na mzito, 12 hadi 14. Anayecheza Tabora mwaka mzima, mvua na kiangazi, ningemshauri nyuzi 8 hadi 10, akipata fimbo ambayo unyayo wake umenolewa upande wa kisigino (ule ulio karibu na shafti), kwa sababu kunolewa huko kunaruhusu uso ufunguliwe bila ukingo wa mbele kuinuka sana kutoka ardhini. Jambo la pili la kuangalia ni mpigo wako: anayeshusha fimbo kutoka juu kwa mkato, akiacha shimo katika kila mpigo, aongeze nyuzi mbili juu ya ushauri huo, anayefagia nyasi bila kuacha alama apunguze nyuzi mbili.

Kwa aliyekwisha kununua fimbo yenye baunsi kubwa na hana ya kubadilisha, ipo njia ya kuvumilia. Kwenye ardhi ngumu usifungue uso hata kidogo, kwa kuwa kuufungua kunaongeza baunsi. Weka mpira nyuma kidogo ya katikati ya miguu, egemeza shafti mbele, na upige mpira wa chini unaobingirika. Au iache sendi mfukoni utumie pichingi, ambayo unyayo wake ni mwembamba. Mzee mmoja aliyekuwa kedi, yaani mbeba mifuko ya fimbo, ujanani mwake alinionyesha mpira huo akitumia aironi namba 9, akaniambia, "Mwanangu, mfuko una fimbo nyingi; kwa nini unang'ang'ania moja?"

Dalili ya tano: mpira unakwenda kushoto

Kwa anayetumia mkono wa kulia, weji inayopeleka mpira kushoto mara kwa mara, wakati aironi namba 7 inakwenda sawa, huenda shafti yake imesimama wima kuliko inavyostahili kwa urefu wake. Bandika utepe wa karatasi kwenye unyayo, piga mipira michache juu ya ubao mwembamba, kisha tazama mahali utepe ulipochanika. Ukichanika upande wa kisigino, ncha ya kichwa cha fimbo inainuka wakati wa kupiga na uso unageukia kushoto. Kosa hili huonekana zaidi kwenye fimbo zenye lofti kubwa. Pima pia urefu: sendi huwa fupi kidogo kuliko pichingi, kwa nusu inchi au pungufu ya hapo. Weji iliyo ndefu kuliko pichingi ya seti yako ilikatwa kwa ajili ya mtu mwingine.

Dalili ya sita: mkono hauitambui fimbo

Aironi zenye shafti nyepesi za grafaiti zikiwekwa pamoja na sendi yenye shafti ya chuma nzito, mchezaji hubadilisha mwendo wa mpigo bila kujua, na mipira mifupi hukosa kipimo. Shafti ya chuma inaweza kuzidi gramu 120, na ile ya grafaiti ikawa karibu nusu yake. Weji kuwa nzito kidogo kuliko aironi ni jambo la kawaida, tena linasaidia mchangani, lakini tofauti kubwa namna hiyo inachosha. Mwenye aironi za namna hii atafute sendi ya seti yake, iliyotengenezwa na kampuni ileile na kwa shafti ileile. Weji za seti hudharauliwa na wachezaji wanaopenda kuonekana mahiri, na dharau hiyo haina msingi kwa mtu anayetumia sendi kwa mipigo kamili na bunka la kawaida tu.

Dalili ya saba: mpira hausimami kwenye griini

Michirizi ya uso iliyolika, mpira mgumu wa bei nafuu, au nyasi na vumbi vilivyoingia kati ya uso na mpira. Safisha michirizi kwa mswaki wa zamani na maji kabla ya kufikiria jambo jingine, na kama unapiga mamia ya mipira mchangani kila wiki, tenga weji iliyochakaa kwa kazi hiyo, maana mchanga hula chuma kama msasa. Griini yetu ya mazoezi ni ya mchanga uliochanganywa na oili chafu na kusawazishwa kwa kuburuta ubao, na juu yake hata michirizi mipya haikamatishi mpira. Kwa hiyo usiihukumu fimbo mahali pa namna hiyo.

Kuhusu kukunja

Lofti inaweza kurekebishwa kwa kuikunja shingo ya fimbo kwenye mashine maalumu, kwa nyuzi moja au mbili, na fimbo za chuma cha kufua hukubali kuliko zile za kumimina. Kumbuka tu kwamba kila uzi unaopunguza kwenye lofti unaondoka pia kwenye baunsi: sendi ya 56 yenye baunsi 10 ikikunjwa kuwa 54, baunsi inabaki 8. Kwa ardhi yetu hiyo ni faida mara mbili. Kazi hii haifanywi kwa moto. Mwenzetu mmoja aliipeleka weji yake kwa fundi wa kuchomelea, ambaye alifanya kile kila fundi wa kuchomelea angefanya. Gundi inayoshika kichwa cha fimbo iliyeyuka, na kwenye mpigo wa kwanza wa jioni ile kichwa kilitangulia mbele kuliko mpira.

Anayeagiza kutoka mbali amwombe muuzaji picha tatu: unyayo ukiwa umepigwa kwa karibu ili namba zilizochongwa zisomeke, uso ukiwa umesafishwa, na fimbo ikiwa imesimama sakafuni imepigwa picha kutoka upande wa ncha, ili pengo lililo chini ya ukingo wa mbele lionekane. Na mzigo ukifika stesheni, ipime lofti siku hiyohiyo, kabla muuzaji hajasahau alichokuahidi.